Bustani ya Sulemani na Sheba

Jumatatu, 15 Septemba

Ndugu dayari, salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo? Afya yako je? Natumaini u mzima, ingawa jalada lako limetafunwa pembeni na aliyelitafuna namjua. Mimi ni mzima, ila mgongo. Nilikuokota kwenye takataka za ofisi kiwandani. Wewe ni wa mwaka jana na siku zako hazilingani na za dunia. Unasema leo ni Jumapili. Si Jumapili! Nimetoka kazini sasa hivi, miguu inawaka. Usijali. Nitakuwa nikikusahihisha.

Nijitambulishe. Seth Opicho, mzee wa kanisa, mkaaji wa Kaloleni hapa Nairobi, mpakiaji katika kiwanda cha biskuti. Mke wangu Ayuma yuko nyumbani Webuye na ng'ombe. Binti yetu Nangila yuko Doha, kazi ya hoteli. Aliniachia sungura wake wawili wa kufuga, Sulemani na Sheba. Wote ni majike. Tulijua tumeshachelewa, majina yakabaki.

Leo Nangila amepiga simu, ile ya kuonana. "Baba, habari? Geuza kamera niwaone." Nimegeuza. Sheba alikuwa amelala ubavu, tumbo kama ngoma. Akauliza amekula nini. Mimi ni mtu wa kanisa, nikasema ukweli. Biskuti. Zile zilizovunjika, tunapewa bure.

Kelele! Kutoka Doha mpaka ukuta wa jirani! Eti sungura si wafanyakazi wa kiwanda. Hakuna biskuti, hakuna ugali, hakuna mboga za soko zilizopuliziwa dawa. Nyasi, na majani niliyopanda kwa mkono wangu: viazi vitamu, dhania, karoti, mnanaa. Nisithubutu majani ya nyanya wala ya parachichi, hayo ni sumu kwao. Na nikishindwa, atatafuta mtu mwingine awachukue.

Sasa, dayari, sogea nikwambie jambo. Mtoto huyu hupiga simu kuwaona sungura. Akishawaona, kwaheri. Juzi niligeuza kamera kwangu kidogo, nimenyoa vizuri, nimevaa shati la Jumapili. Akasema, "Baba, kamera imegeuka."

Sungura wakiondoka hapa, simu itaita kwa sababu gani?

Nitapanda bustani.

Jumanne, 16 Septemba

Sina ardhi. Ua wetu wote ulishaliwa na vibanda vya mabati. Nimepima kwa macho nafasi iliyobaki: inatosha ndoo moja na mtu mmoja mwembamba.

Sheba amepata nafuu. Anakula nyasi nilizokata kando ya reli. Shukrani kwa Mungu.

Nimempigia Ayuma anipe mawazo. Makosa. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Nangila, mwambie mtoto una hamu naye. Basi. Bustani ni ya nini?" Nimemwambia baba hasemi maneno kama hayo. Akauliza baba husema maneno gani. Nikamwambia mtandao unakatika.

Lakini nikiwa nimeinama kufunga kiatu, Bwana amenipa wazo! Kile kipande cha ardhi kati ya ukuta wa kanisa na tangi la maji. Kina udongo mweusi, jua la asubuhi, mfereji karibu. Kinakaa bure.

Tatizo ni moja. Muturi anakitaka apande maua. Muturi ni mzee wa kanisa kama mimi, fundi wa mabomba aliyestaafu, anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu. Ana sauti nzuri ya kuimba. Ana tabasamu. Watu wanampenda. Zaidi ya hayo sina neno naye.

Alhamisi, 18 Septemba

Ushindi!

Kamati ya kanisa imekaa. Muturi akasoma habari ya maua yake. Mimi nikasimama, nikafunga macho, nikasema Bwana amenionyesha shamba. Shamba la Jumapili ya Mavuno! Nikasema kila mwaka tunaleta mavuno tuliyonunua sokoni, Mungu anatuangalia tu. Safari hii tulete jasho letu wenyewe. Nitalima mimi, bure, na kila jani litakuwa la madhabahu.

Mama Nasambu, mkubwa wa akina mama, alifuta machozi. Mchungaji Nalianya akasema amina mara kadhaa. Muturi mwenyewe akaondoa maua yake, akaja kunishika mkono. Eti nimemfundisha kitu. Mkono wake laini kwa fundi wa mabomba.

Wewe peke yako ndiye unayejua hesabu yangu. Mavuno ni Novemba. Hapa katikati sungura watakula kila siku. Siku ya Mavuno nitapeleka kitakachobaki, niseme jua lilikuwa kali. Mungu hali dhania.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimepanda. Ayuma ametuma mashina ya viazi vitamu kwa basi, gunia zima, na ujumbe kwamba hayo ni ya chakula, si ya ujinga. Karoti, dhania, mnanaa, vyote ardhini. Nimepanda kwa mistari. Nimepiga magoti kuombea mbegu.

Muturi amekuja bila kuitwa. Ameleta bomba lake la mpira, ameliunga kwenye mfereji, maji yanafika mpaka mwisho wa shamba. Nilikuwa nimejipanga kubeba ndoo watu wakiniona. Amenipokonya ndoo zangu! Kisha akaimba akimwagilia. Watu wanaopita wakamsifu yeye.

Jioni Nangila alipiga. Nikamwambia sungura wana bustani yao sasa. Akacheka, kile kicheko chake cha darasa la nne. Nikaona nimpe zaidi. Nikasema wanarukaruka humo kila asubuhi. Bustani yenyewe bado ni udongo mtupu, lakini imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku mbaya. Andika hivyo, dayari, na uache nafasi.

Bustani imeshika. Majani ya viazi yametandaza, dhania inanukia mpaka barabarani. Asubuhi nilikuja na mfuko ndani ya koti, nichume chakula cha kwanza cha Sulemani na Sheba. Baada ya ibada nikakuta kanisa zima limezunguka shamba. Mchungaji katikati, Biblia mkononi.

Ameliweka wakfu! Amelimwagia mafuta! Amesoma habari ya malimbuko, kwamba mtu asionje mazao mapya kabla Bwana hajapewa ya kwanza. Akasema kuanzia leo hakuna mkono utakaogusa jani humu mpaka Jumapili ya Mavuno. "Hata wako, Mzee Opicho," akaniambia akicheka. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa wa mwisho kunyamaza.

Muturi amejitolea kuwa mlinzi. Amefunga waya kuzunguka, na lango dogo. Ufunguo anao yeye. Ananifungulia nimwagilie maji, anasimama pembeni, tunazungumza hali ya hewa.

Nimerudi nyumbani na mfuko mtupu. Sulemani amenitazama. Nimewapa nyasi za reli, za jana.

Jumatano, 15 Oktoba

Mpango! Hakuna mzee anayeweza kumzuia mzee mwenzake kuomba.

Alfajiri kabla ya kazi nimemwomba Muturi anifungulie niingie shambani kwa maombi ya faragha. Akafungua, akaondoka kwa heshima. Nikapiga magoti katikati ya viazi. Koti kubwa, lile la mvua. Nikainamisha kichwa mpaka chini, mikono ndani ya koti, nikaanza kuchuma huku nikiomba kwa sauti. "Ee Bwana," jani. "Utukumbuke," jani. "Na walio mbali," majani mawili.

Sungura wamekula! Sheba amenyoosha masikio. Nangila alipopiga nikamwonyesha midomo ikitafuna kijani. Akasema, "Baba, umejaribu kweli." Umejaribu kweli! Nimeenda kazini nikipiga mbinja. Msimamizi akauliza kama nimekunywa.

Dhamiri? Nimeiuliza. Imesema Daudi alikula mikate ya wonyesho, na yeye hakuwa na sungura.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Kazi hakuna. Nilitaka kuomba kwa muda mrefu, nijaze koti lote.

Nimefika shambani nikakuta akina mama kumi na kitu na leso zao. Habari imeenea kwamba Mzee Opicho hulia mbele za Bwana katikati ya viazi. Mama Nasambu akaniambia, "Mzee, usibebe mzigo huu peke yako. Tumekuja kukusaidia." Wakapiga magoti kulia na kushoto kwangu. Mmoja alinishika mkono wa kulia. Mwingine wa kushoto. Hiyo mikono, dayari, ndiyo ya kuchumia!

Tumeomba mpaka jua likapanda. Muturi akaanzisha wimbo. Sauti nzuri. Bwana alimpa bila kufikiria.

Itakuwa kila asubuhi, wameamua. Mpaka Mavuno.

Sungura wanakula nyasi za reli. Wamenenepa, sijui kwa nini. Nahisi hata wao wako upande wa Muturi.

Jumatano, 29 Oktoba

Nangila amesema Jumapili hana kazi. Atapiga saa sita. Anataka kuwaona wakiwa ndani ya bustani yao. Nikasema sawa. Nikasema kwa nini isiwe sawa.

Jumapili ndiyo siku ya Mavuno.

Nimekaa kitandani nikafikiri, na nimeona njia. Nitawabeba kwenye kikapu, nifunike kwa kitambaa. Akina mama watakuwa wamevuna sehemu ya kwanza kwa ajili ya ibada. Saa sita, watu wakiwa wanakula, lango litakuwa wazi, malimbuko yameshatolewa, marufuku imekwisha. Nawaweka sungura shambani, simu inaita, mtoto anaona bustani, anaona furaha, na mimi nikiwa nyuma yao, katika picha. Bila kugeuza kamera.

Nimepiga pasi shati.

Jumapili, 2 Novemba

Nimevua shati la pasi ndipo nikaketi kuandika.

Asubuhi niliweka kikapu chini ya meza ya mavuno, kwa nyuma, kitambaa juu, ndani kimya. Nikaenda mbele kuketi na wazee. Kanisa limejaa. Ndizi, mahindi, kuku, maboga, na mbele ya vyote mafungu ya bustani yangu. Nililengwalengwa na machozi kwa kweli.

Mnada ukaanza. Unajua mnada wa kanisa letu: kitu kinanunuliwa, mnunuzi anakirudisha kwa Bwana, kinauzwa tena, jogoo mmoja anaweza kuzunguka mpaka asinzie. Dhania yangu ilinunuliwa na Muturi. Mnanaa, Muturi. Nilijaribu majani ya viazi, Muturi akapandisha bei. Akinitazama na tabasamu lake, kama mtu anayenisaidia.

Ndipo shemasi akavuta kikapu kutoka chini ya meza. Akafunua.

Nilisimama. Namshukuru Mungu nilisimama. Mdomo ulifunguka kusema hicho si cha sadaka. Lakini Mchungaji Nalianya anawajua sungura hao, ameshakunywa chai kwangu wakimtafuna kamba za viatu. Akaona kikapu. Akaniona nimesimama. Akashika kipaza sauti, na sauti yake ikavunjika.

"Ibrahimu alimtoa Isaka," akasema. "Na leo ndugu yetu Opicho, baba aliye peke yake, amewatoa sungura wa mtoto wake!"

Vigelegele! Mama Nasambu akaanguka kwenye kiti. Watu wakanipigia makofi na vishindo vya miguu. Sulemani ameinuliwa juu kwa mikono miwili, Sheba naye, masikio yanapepea. Nami nimesimama, mdomo wazi, machozi yananitoka, na kila chozi linahesabiwa kuwa la furaha.

Nikatazama huku na huku kama kuna kondoo kichakani. Hakuna kondoo.

Nikajaribu kununua. Nilitoa yote niliyokuwa nayo, pamoja na ya kodi. Shemasi akasema, "Mzee, ulichokwisha kumpa Bwana huwezi kukirudia!" Kanisa likacheka kwa upendo. Muturi akanyanyua mkono. Hakuna aliyempandishia.

Saa sita simu iliita mfukoni. Iliita mpaka ikachoka. Mchungaji alikuwa ameniwekea mikono kichwani.

Jumatatu, 3 Novemba

Muturi amekuja jioni, na mkewe, na boga. Akasema aliona machozi yangu akajua sadaka ile imetoka ndani kabisa, akahofia watu wangeifanya mchuzi. Kwa hiyo amewanunua ili waishi. Hatawachinja. Anawajengea kibanda kipya, cha mbao na wavu, na mahali pa kivuli. "Ujisikie huru kuja kuwaona, Baba Nangila."

Nilitaka kumwambia nirudishie. Lakini nikimwambia, itabidi nimwambie na mengine: koti, maombi, mfuko. Mzee wa kanisa. Mke wake alikuwa ananitazama kama mtakatifu.

Nikasema, "Bwana apewe sifa." Nikala boga lake. Tamu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nangila alipiga Jumanne. Nikasema wamelala. Akapiga Alhamisi. Nikasema wamelala. Akapiga leo mchana, jua la utosi. Nikasema wamelala.

Kisha akauliza, pole pole, "Baba, ni wagonjwa?"

Nikasema la, ni usingizi tu, baridi. Nairobi ina baridi.

Jumapili, 9 Novemba

Kumbe Nangila, kwa wasiwasi, alimwandikia Koki. Koki ni binti wa Muturi, alisoma na Nangila. Alimwomba apitie kwangu awaangalie sungura kama wazima. Koki akamjibu hana haja ya kupita mahali, anawaona kutoka jikoni kwao. Akamtumia na picha. Akamsimulia yote. Ibrahimu, Isaka, vigelegele.

Nangila alinipigia baada ya ibada. Nilijiandaa kwa kelele. Ningezipokea! Mtoto anayekupigia kelele bado ni wako.

Hakupiga kelele. Akasema hakujua kwamba nina moyo wa namna hiyo. Akasema ameona kibanda cha kina Koki, kizuri, kikubwa, na Koki amemwambia baba yake huwapa dhania na majani ya viazi. Dhania yangu! Viazi vya Ayuma! Akasema ni heri hivyo.

"Sasa hutasumbuka tena, Baba."

Sikuwa nimesumbuka.

Halafu, dayari, likatokea jambo. Hakukata. Niliona uso wake wote, amekonda kidogo, amesuka nywele upya. Akauliza, "Na wewe, Baba? Wewe uko sawa?"

Nafasi ilikuwa pale. Mlango wazi, hata Muturi hakuwa na ufunguo wake. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Sulemani amenenepa sana."

Akasema amemwona. Akasema usiku mwema, na ilikuwa mchana, kwake na kwangu.

Jumapili, 16 Novemba

Wiki nzima simu haijaita. Niliipeleka kwa fundi. Fundi amesema simu ni nzima.

Leo nikatoka kanisani nikapita kwa Muturi, kusalimia tu. Nilikuta familia yote uani, kicheko. Koki ameshika simu juu ya kibanda. Na ndani ya simu, sauti ninayoijua ikiita, "Sheba! Sheba, geuka huku!" Muturi akainamia simu akaimba kipande cha wimbo. Nangila akacheka kile kicheko cha darasa la nne.

Nilisimama langoni. Hakuna aliyeniona. Nikarudi.

Ayuma amenipigia jioni. Amesema yale yale. Mwambie mtoto una hamu naye, namba unayo. Nikamwambia yeye haelewi mambo ya mjini.

Maana nimeshapata njia! Nimechungulia shamba la kanisa: limevunwa lote, udongo mtupu, wakfu wake umekwisha. Kesho naenda mbele ya kamati. Nitasema Bwana amenionyesha bustani ya pili. Majani salama, kwa ajili ya sungura wa Mzee Muturi, huduma ya ndugu kwa ndugu. Nitamwomba Mchungaji aiweke wakfu na kuimwagia mafuta, tena mapema, mbegu zikiwa bado mfukoni, ili mtu mwingine asiichukue. Mama Nasambu nitamwomba alete akina mama tuombe kila asubuhi. Muturi nimeshamdokezea. Amenikumbatia! "Karibu kabisa, Baba Nangila, lango ni lako."

Kila Jumapili baada ya ibada nitapeleka fungu la majani kwake. Nangila hupiga saa hiyo hiyo. Nitakuwa pale kando ya kibanda, nimeinama, nawalisha, shati limepigwa pasi. Sitasema kitu. Koki mkono wake hautulii, hashiki simu vizuri. Huenda siku moja kamera ikageuka.

Wewe waonaje, ndugu dayari? Nijibu upesi.